Kaliba Tuliyomchagulia Kagendo

Funguo za ghala la silaha nilizirudisha Ijumaa iliyopita, na mpaka leo mkono wangu wa kulia huamka alfajiri kuzipapasa kiunoni. Mke wangu, Mama Muturi, ananiambia nitulie, hapa Kiambere bunduki hakuna, na mbuzi wetu hawajawahi kuomba. Basi kwa kuwa mkono hautaki kutulia nimeupa kalamu.

Ninyi mnaobaki karakana ya Timau mliniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha fundi. Vyeo sitavitaja, maana vilinijia kwa kuchelewa na vikanikuta nimelala. Mshahara nao ulikuwa mgeni wa kupita tu. Nitasema habari za bunduki, za mzee aliyenifunza, na za siku niliyokaribia kumharibia mtu uso wake na kazi yake kwa sababu nilimpenda mno.

Niliripoti kazini nikiwa na shati la mikono mifupi. Kwetu kando ya bwawa jua likitoka hata mijusi hutafuta kofia, kwa hiyo sikujua kuna mahali Kenya hii ambapo salamu huganda hewani. Timau unasema "habari ya asubuhi" saa moja, inamfikia mtu saa nne jua likiiyeyusha. Askari wa hifadhi walikuwa wamejipanga wakinywa uji, na nilipoteremka kwenye lori nikitetemeka mmoja akauliza kama nimeletwa kufanya kazi au kuzikwa.

Aliyenipokea ni fundi mkuu, Mzee Ikiara, mtu wa Muthara, mrefu, mkavu, mwenye koti la sufu ambalo naamini lilizaliwa kabla yake. Nilimwamkia kwa "Muga", salamu ya Kimeru niliyojifunza njiani. Akasema ninaitamka kama mtu anayekohoa, lakini nimejaribu. Kuanzia siku hiyo hakuniita Njiru. Aliniita Mumbeere, kama vile kabila zima limemwangukia mezani.

Miezi mitatu hakuniruhusu kugusa triga. Alinipa kitambaa, brashi, mafuta, na siku ya kwanza kabisa skrubu moja ndogo kama punje ya ndengu. Akaniambia skrubu hii ina bunduki yake humu ghalani, niitafute. Bunduki zilikuwa sitini. Kwangu mimi zilikuwa elfu sita. Siku ya nne nikaipata, nikampelekea nikiwa najisikia kama niliyeoa. Akaichukua, akaifungua tena ile skrubu, akasema, "Vizuri. Sasa umezijua zote sitini." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mzee alikuwa shule.

Shule nyingine nilikuja kuipata baadaye, ile ya jioni, nilipokuwa na miaka thelathini na minne na watoto wawili. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa masikio, nikasoma fizikia mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Nilifaulu kwa alama ambazo nikizitaja wenye digrii wataona haya, kwa hiyo nawahurumia. Ninachotaka kusema ni kwamba fizikia ilinipa sababu za mambo mengi ambayo Mzee Ikiara alikuwa akiyafanya bila sababu. Jambo moja tu ilikataa kunisaidia.

Mzee alikuwa na desturi ya kubeba risasi kwenye mfuko wa ndani wa lile koti. Asubuhi ya baridi alisema risasi iliyolala kwenye sanduku la chuma huanguka mapema, lazima ipate joto la mwili kama kifaranga. Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwamba kuna ukweli kidogo, baruti baridi huungua polepole, lakini kwa mita mia moja tofauti hiyo hata siafu hawezi kuiona. Nilimwelewa vizuri sana. Nikarudi kazini nikaendelea kubeba risasi mfukoni. Mtu wa Kiambere akiambiwa kitu kitapona baridi kwa kuwekwa kifuani, haulizi maswali.

Sasa twende kwa Kagendo.

Aliletwa kikosini kutoka Tigania, binti wa miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye macho ya mwewe. Porini hakuwa na mwenzake. Angeweza kukuambia unyayo huu ni wa jana mchana na mwenye unyayo anachechemea mguu wa kushoto. Lakini kwenye uwanja wa shabaha alikuwa akifeli. Alijifunzia kazi kwenye zile bunduki za zamani, ndefu, za kaliba, yaani unene wa risasi, ya saba sita mbili, ambazo teke lake ni la punda aliyeonewa. Siku ya kwanza ilimpiga bega mpaka likawa na rangi ya bilinganya. Tangu hapo, hata tulipoletewa bunduki mpya nyepesi za tano tano sita, mwili wake ulikuwa umeshajifunza kuogopa. Kabla hajavuta triga, anafumba macho na kuruka kidogo. Risasi inakwenda kusalimia ngano za jirani.

Mtihani wa shabaha alikuwa amefeli mara mbili. Kanuni ilisema ukifeli mara ya tatu unaondolewa doria unapelekwa getini, kuinua na kushusha kile kizuizi magari yakipita. Kuna watu wangeshukuru. Kagendo aliniambia karakanani, akiwa anasukuma brashi kwenye mtutu, kwamba yeye akipelekwa getini atakuwa mti wa getini. Hakulia. Alisukuma brashi kwa nguvu mpaka nikaogopa itatokea upande wa pili ikiwa na moto.

Kamanda wetu alikuwa mtu wa kusikiliza. Alinipa ruhusa ya kutafuta bunduki moja ya mazoezi tu, yenye mtutu mfupi, kwa ajili yake na wengine wenye ugonjwa huo wa kushtuka. Mtutu mfupi kwa sababu mikono yake ni mifupi na bunduki ndefu ilikuwa ikimvuta mbele kama mbwa anayejua njia. Tena uwanja wetu wa mazoezi ni lile shimo la mawe la zamani, mita hamsini basi, na sababu ya pili ni kwamba juu ya shimo kuna mama mwenye ng'ombe wa maziwa ambaye hakupenda kelele. Vibali vikaandikwa, muuzaji mwenye leseni akatuletea kutoka Nairobi bunduki tatu za mitutu mifupi tujaribu, kila moja na kaliba yake. Tuchague moja, mbili zirudi.

Hapo niliwaita mafundi wote kwenye chai na nikatangaza uamuzi wangu kabla sanduku halijafunguliwa: saba sita mbili. Kubwa ni kubwa, nilisema. Mwanaume hachagui panga dogo. Mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa sasa ndiye mwenye funguo, akauliza kama tunamchagulia Kagendo au tunanichagulia mimi. Nikaona nimwite Mzee Ikiara, aliyekuwa amestaafu zamani na kurudi Muthara, aje amkomeshe.

Mzee alikuja na lile koti, na kwapani amebeba jani la mgomba, bichi, limekunjwa kama mkeka. Timau migomba haikubali, baridi inaiua, kwa hiyo alilibeba kutoka shambani kwake. Sikuuliza. Alichoma fito mbili ardhini shimoni, akalining'iniza jani hatua moja kando ya mahali mdomo wa bunduki utakapokuwa. Akaniambia Mumbeere, piga hiyo kubwa yako.

Nilipiga. Wallahi ule haukuwa mlio, ilikuwa radi imeanguka ndani ya sufuria. Moto ulitoka mdomoni wa urefu wa mkono, kofia yangu ikaondoka bila kuaga, na jani likabaki nyuzi kama sketi ya wachezaji. Juu ya shimo tukasikia ndoo ikianguka, kisha sauti ya mama mwenye ng'ombe ikituombea kwa Mungu, lakini si mambo mazuri.

Mzee akaeleza, na hapa vijana nisikilizeni, maana ndiyo kazi yenyewe. Baruti inahitaji njia ya kuungulia. Risasi iliyoundiwa mtutu mrefu, ukiipa mtutu mfupi, nusu ya baruti inaungulia nje, hewani. Nguvu haimsaidii mtu yeyote: shabaha haiipati, anayeipata ni sikio na bega la mpigaji. Unanunua ng'ombe ili ule kwato.

Akageuza jani upande uliokuwa mzima, tukajaribu ya tano tano sita. Nyepesi kwa bega, hilo sikatai. Lakini nayo ni mtoto wa mtutu mrefu, na kwa ufupi ule ilibweka kwa ukali wa kupasua meno, jani likachanika sehemu tatu. Kagendo alipoipiga alifumba macho vilevile.

Ya tatu tuliita ya mia tatu. Ganda lake ni la ile tano tano sita, limekatwa likafupishwa, na juu yake kimewekwa kichwa kinene, kizito, kinachokwenda polepole. Iliundwa makusudi kwa mitutu mifupi. Baruti yake ni kidogo na inamalizika yote kabla ya kufika mdomoni. Nilipoipiga jani liliitikia tu, kama mzee wa kanisa anayekubaliana na mahubiri. Kule juu ng'ombe hakusema neno.

Kisha Mzee akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimweka Kagendo mahali pa kupigia, akawa anampa zile bunduki mbili nyepesi bila mpangilio, na yeye mwenyewe hakuitazama shabaha hata mara moja. Alichuchumaa nyuma akitazama kisigino cha kushoto cha yule binti. Nilipomuuliza kuna nini, akasema mtu anaweza kudanganya kwa uso, lakini kisigino hakijasoma. Kwa ya tano tano sita kisigino kiliinuka kila mara kabla ya mlio. Kwa ya mia tatu kiliinuka mara ya kwanza, kikainuka kidogo mara ya pili, mara ya tano kikakaa chini.

"Hiyo," Mzee akasema, akainuka akishika magoti. "Bunduki ni hiyo. Mengine ni mapambo."

Ya mia tatu ilikuwa na uzuri mwingine ulionifanya niimbe. Inatumia fremu ileile, bolti ileile inayoifungia risasi ndani, na magazini ileile, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia chini ya bunduki, kama za kwetu za kazi. Mtutu tu ndio tofauti. Hakuna vipuri vipya, hakuna mafunzo mapya. Nilimsifia Mzee kwa jambo hilo njia nzima nikimsindikiza stendi. Tukafika, akaanza kupanda gari. Ndipo akaniambia kwamba watoto wawili wanaovaa nguo sawa ni wepesi kuwavisha na wepesi kuwachanganya. Nikacheka. Nilidhani ni uzee.

Wiki sita Kagendo alijifunza na ile fupi. Asubuhi risasi kumi, jioni risasi kumi, kisha tukamhamisha polepole kwenye bunduki ya kazi, tano tano sita yenye mtutu wa kawaida. Kisigino kilikaa chini. Nilianza kujisifu mjini kwamba nimeunda bunduki inayofundisha yenyewe, mimi ninakwenda tu kuifungulia mlango.

Siku ya mtihani ilikuwa baridi ya kihistoria. Nimesema na nitarudia, nilimwona kunguru akitembea kwa miguu kwa sababu mabawa yalikataa. Mkaguzi alikuwa ametoka makao makuu, bwana mmoja mnene mwenye filimbi, asiyejua mzaha. Asubuhi kabla hajafika nilimpa Kagendo risasi chache za ile fupi ili atulize mwili. Moja ilibaki. Nikaitia mfukoni, mfuko wa ndani, kulekule ambako nilikuwa nimezilaza risasi tano za bunduki ya kazi zipate joto. Zile tano zilikuwa zawadi yangu kwake. Risasi ishirini za mtihani zinapigwa tano tano, na mimi nilikuwa nimeamua mzunguko wa mwisho, ule wa presha, apige risasi zilizolelewa kifuani kwangu.

Kupita alihitaji kumi na nne ndani ya duara. Mizunguko mitatu ikaisha akiwa na kumi. Wenye hesabu mshajua: nne kati ya tano za mwisho, au getini. Nikachukua magazini yake, nikageuka kando, vidole vimekufa ganzi, nikajaza tano kutoka mfukoni kwa kupapasa. Nikampa. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Hizi ni moto moto, mama." Akatabasamu kidogo.

Filimbi ikalia. Akaweka magazini, akavuta bolti, akaiachia. Bolti ikaenda mbele, ikasimama. Ilibaki nafasi ya unene wa ukucha. Sekunde zilikuwa zinakwenda. Mimi nikiwa mita tatu nyuma, fundi wa miaka yote hiyo, nikajua ni baridi imegandisha mafuta.

"Sukuma," nikamwambia. "Piga kwa kiganja, itaingia."

Hakusukuma.

"Kagendo, sukuma, saa inaisha."

"Fundi, hii haijataka kufunga," akasema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu. "Mimi sitailazimisha."

Akailaza bunduki, mdomo ukielekea shabaha, akainua mkono juu.

Mkaguzi akapuliza filimbi, akaja akiwa mwekundu wa hasira. Kanuni anaijua kila mtu: ukiinua mkono na bunduki ikakutwa ina kasoro, unarudia mzunguko. Ikikutwa nzima, umekataa kupiga, na mzunguko wote ni sufuri. Akaniamuru niifungue. Nikapiga magoti, nikatoa magazini, nikavuta bolti, na kwenye kiganja changu ikaangukia risasi yenye kichwa kinene.

Vijana, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na la kuongeza chumvi. Ganda sawa, magazini sawa, kichwa si chake. Kama angesukuma kwa kiganja kama nilivyomwambia, kile kichwa kingeweza kurudi ndani ya ganda, bolti ikafunga, na akavuta triga risasi nene ikitaka kupita kwenye mtutu mwembamba. Mtutu haungekubali. Bunduki ingepasukia hapo ilipo, na hapo ilipo pana shavu la Kagendo.

Mkaguzi alikuwa nyuma yangu, hajaona. Kiganja changu kilikuwa kimefumba. Nitawaambia ukweli kwa sababu nimestaafu: kwa nusu ya sekunde, ndefu kuliko barabara ya Embu hadi Moyale, niliufikiria mfuko wangu. Ningeitia tu, niseme ni baridi, bunduki iko sawa. Mimi ningebaki fundi mkuu. Yeye angeandikiwa sufuri.

Nilifumbua mkono. Nikasimama, nikamwonyesha mkaguzi, nikasema, "Afande, hii si ya bunduki hii. Nimeiweka mimi. Huyu amefanya sawa, mimi ndiye nilimwambia asukume."

Akaitazama risasi. Akanitazama mimi. Akauliza ilitoka wapi, kwa kuwa risasi za mtihani zilikuwa kwenye sanduku mbele yake. Nikafungua koti, nikamwonyesha mfuko. Akaniuliza risasi zinafanya nini huko. Nikamwambia zinaota joto. Sijawahi kumwona mtu akikosa ukurasa kwenye kitabu cha kanuni namna ile.

Alimpa Kagendo mzunguko upya, na risasi tano alizihesabu yeye kwa mkono wake kutoka kwenye sanduku la chuma lililolala nje, baridi kama mawe ya mto. Mimi niliambiwa nikasimame mbali, karibu na lori. Nilichoona kutoka kule ni kisigino tu. Mlio wa kwanza, kimekaa. Wa pili, kimekaa. Ilipofika ya tano nilikuwa nimeshika taa ya lori kwa nguvu mpaka dereva akaniomba niiache.

Zote tano ndani ya duara. Tatu zilikuwa zimegusana. Mama mwenye ng'ombe kule juu akauliza nani amekufa, kwa jinsi kikosi kilivyopiga kelele. Kagendo alikuja moja kwa moja mpaka kwenye lori. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, ya Kiswahili sanifu, ya shule ya jioni. Hakunipa nafasi.

"Fundi," akasema, "zile za baridi zinaenda vizuri tu."

Jioni hiyo niliandika ripoti mwenyewe, sehemu ya "chanzo cha kosa" nikaandika neno moja, fundi. Siku iliyofuata niliagiza rangi, na magazini zote za ile fupi zikapakwa nyekundu kuanzia chini hadi juu. Ndiyo sababu ni nyekundu, ninyi mliodhani ni urembo. Na risasi zake hazilali ghala moja na nyingine, hata kwa dakika moja, hata mkiniletea barua ya askofu. Kaliba ile bado ndiyo nzuri kwa mtutu ule, sijabadili neno. Ila kitu kinachokurahisishia kazi kisimamie kwa macho mawili.

Kamanda aliisoma ripoti, akatuita wote wawili. Kagendo alikuwa tayari amepewa doria yake na, juu ya hiyo, kazi ya kufundisha walioshindwa. Kamanda akasema kwamba kanuni inamtaka aliyejaza magazini vibaya arudie somo la kwanza la kuruta: kutambua risasi na kuijaza. Mwalimu wa somo hilo sasa ni Kagendo.

Kwa hiyo mimi, Njiru, niliyezijua bunduki sitini kwa skrubu moja, nilikaa kwenye nyasi siku tatu pamoja na makuruta kumi na wawili wenye nusu ya umri wangu. Nilijaza, nikatoa, nikajaza tena. Nilipokosea alinipiga kidole kwa penseli kama wengine, akaniita "kuruta mzee". Siku ya tatu akagawa karatasi za matokeo. Yangu niliiweka kwenye fremu, na sasa imetundikwa hapa sebuleni Kiambere, ambapo kila mgeni lazima aisome kabla ya kupewa chai. Jina, namba, tarehe, na chini, kwa mwandiko wake uliosimama wima, maoni ya mwalimu: "Amefaulu. Mifuko ikaguliwe kila asubuhi."